JE, NI KWELI AJALI HAINA KINGA?

Wahenga walisema kwamba ajali haina kinga. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi. Kila basi linapoanguka au jiko linapolipuka, mtu hutingisha kichwa, akaitamka, na mambo yakaishia hapo. Mimi si wa kuwakosoa wahenga, maana kuishi kwingi ni kuona mengi, nao waliona mengi kuliko mimi wa miaka kumi na sita. Hata hivyo leo nimeshika kalamu kuuliza swali moja. Je, kama kinga ipo, na inauzwa, na hata fundi wa mtaani anaweza kuichomelea, bado tutasema ajali haina kinga?

Ninayotaka kuyazungumzia ni jambo dogo ambalo wengi mtalicheka: kusukuma magari mabovu ndani ya ua wa nyumba. Tafadhali cheka ukimaliza kusoma.

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa. Saa kumi na moja jioni, wenzetu wa mabweni katika shule nyingine wanapojitayarisha kwa chakula na masomo ya jioni, mimi huwa nimefika kwa mjomba wangu, ninakoishi. Mjomba ni makanika. Gereji yake haina bango wala geti la umeme. Ni ua wa nyumba yetu tu: upande mmoja kuna kamba ya kuanikia nguo, upande wa pili kuku wa shangazi, na katikati magari matatu au manne yaliyobanana kama viazi ndani ya gunia. Najua wengi wenu mnauelewa ua wa namna hiyo, kwa sababu mtaani kwetu ziko gereji kama hizo kila kona. Ndizo zinazotulipia karo.

Katika ua huo lipo gari moja aina ya Peugeot 504. Mwenyewe alilileta, akasema anakwenda kutafuta pesa za gia boksi, na huu ni mwaka wa pili bado anazitafuta. Gari lenyewe limekaa mbele ya mengine yote. Kila mteja akija kuchukua gari lililo nyuma, lazima Peugeot isogezwe kando. Sasa hapo ndipo kazi ilipo. Mjomba hupiga mbinja, nasi vijana wa ploti tunajitokeza. Tunaacha vitabu mezani. "Haya vijana, umoja ni nguvu! Moja, mbili, sukuma!" Tunasukuma mbele hatua mbili, mjomba anakata usukani, tunarudisha nyuma hatua mbili, anakata tena. Kusogeza gari mita moja tu kufikia ukutani hutuchukua safari nane au tisa za mbele na nyuma. Mkononi mwa mmoja wetu huwa kuna jiwe. Kazi ya mwenye jiwe ni kuliweka nyuma ya gurudumu kila gari linaposimama, maana breki za Peugeot hiyo zilifunguliwa zamani, na ua wetu umeinama kidogo kuelekea ukuta wa nyuma.

Jumamosi moja ya muhula wa kwanza, mwenye jiwe nilikuwa mimi.

Nitalisema hili bila kuzunguka. Tulikuwa safari ya tano au ya sita. Gari lilianza kurudi nyuma kwa kasi kuliko tulivyotaka. Mjomba alipaza sauti, "Wee kijana, weka jiwe!" Nikaliweka. Lakini nilichelewa kidogo tu, labda kwa muda wa kupepesa jicho, na jiwe lenyewe lilikuwa la mviringo. Gurudumu likalipanda kama linavyopanda tuta la barabarani, likashuka upande wa pili. Mwanagenzi wa mjomba, kijana aliyemaliza kidato cha nne katika shule hii yetu miaka miwili iliyopita, alikuwa nyuma ya gari akijaribu kulizuia kwa mabega. Wenzake waliruka kando. Yeye mguu wake wa kulia ulikuwa umeshapitiwa na gurudumu.

Mifupa miwili ya wayo ilivunjika. Alikaa nyumbani miezi minne. Mamake aliuza mbuzi wawili na mjomba akakopa ili bili ya hospitali ilipwe. Leo anatembea, tena anafanya kazi, lakini anachechemea, na akichuchumaa chini ya gari huwezi kukosa kumsikia akiguna. Majirani walipokuja kumpa pole walisema nini? Mmekisia sawa. "Pole mwanangu, ajali haina kinga." Mzee mmoja hata alimtania kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilitamani ardhi ipasuke nizame. Huyu alisikia la mkuu! Mkuu alisema "sukuma", akasukuma, na guu likavunjika papo hapo.

Tangu siku hiyo nimejiuliza kama kosa lilikuwa langu. Mjomba husema si langu. Mwanagenzi mwenyewe husema, "Achana na hiyo maneno." Nimefikiri sana, na maoni yangu ni haya: nilichelewa, ndiyo, lakini kazi ambayo usalama wa mguu wa mtu unategemea wepesi wa mtoto mwenye jiwe ni kazi iliyopangwa vibaya tangu mwanzo. Siku moja mtoto atachelewa. Kama si mimi, mwingine.

Basi kinga ni ipi? Likizo ya Aprili mjomba alinichukua tukaenda Nairobi kutafuta vipuri katika barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wazee bado huiita Grogan. Baadaye tulipitia gereji moja kubwa ya kupaka magari rangi katika Eneo la Viwanda. Huko niliona jambo lililonifanya nisimame kama mnara. Dada mmoja, mwembamba kama mimi, alikuwa akilisukuma gari zima la saluni kwa mikono miwili. Halikwenda mbele wala nyuma. Lilikwenda kando! Lilikuwa likitelea kuelekea ukutani kama toroli la supamaketi.

Nilipoinama kutazama, niliona kila gurudumu la gari limekalia kigari kidogo cha chuma. Kigari chenyewe ni bamba lililobonyea katikati kidogo kama sahani, ili tairi likae lisiteleze. Chini ya bamba, kwenye kila pembe, pana kigurudumu kinachozunguka kila upande, kama vile vya kitanda cha hospitali. Vigari vinne kwa gari moja, maana yake vigurudumu kumi na sita. Unainua gari kwa jeki, gurudumu moja baada ya jingine, unakisukuma kigari chini ya tairi, unashusha. Ipo aina nyingine isiyotaka jeki: ina mirija miwili inayolibana tairi mbele na nyuma, unakanyaga pedeli kwa mguu, na tairi linapanda lenyewe.

Chamani kwetu tulibishana kuhusu jina la kifaa hiki. Mimi nilipendekeza "viatu vya gari". Mlezi wa chama akacheka, akasema breki zina viatu vyake tayari na mafundi watatupotea. Tukakubaliana tuseme "vigari vya magurudumu" mpaka atakayepata jina zuri zaidi atuletee.

Nieleze sasa kwa nini naviunga mkono.

Kwanza, gurudumu la gari linajua njia mbili tu, mbele na nyuma. Ndiyo sababu tunafanya safari nane au tisa ili kusogea mita moja kando. Kila safari ni nafasi moja zaidi ya mtu kuchelewa, kuteleza au kusimama pabaya. Kigari cha gurudumu kinaondoa safari hizo zote. Gari linakwenda kando mara moja, polepole, na hakuna sababu ya mtu yeyote kusimama kati ya gari na ukuta. Mnaolipenda somo la fizikia msije mkanisema: sikudai kwamba vigari vinapunguza uzito. Peugeot ile ina kilo kama 1200, na juu ya vigari itabaki na kilo zile zile. Kinachobadilika ni njia.

Pili, havichagui mwenye misuli. Gereji nyingi hukataa wasichana kwa kisingizio kwamba hawawezi kusukuma gari. Yule dada wa Nairobi alinionyesha kwamba panapokuwa na kifaa, akili inatosha. Wasichana wa shule hii wanaotaka kuwa makanika wanisikie.

Tatu, vinatuachia wakati wetu. Sisi wanafunzi wa kutwa tunalaumiwa kwamba hatusomi jioni. Je, nani amehesabu mara ngapi tunaitwa kusukuma magari, kubeba maji na kufukuza kuku? Sikatai kumsaidia mjomba, yeye ndiye mzazi wangu. Lakini kuita vijana sita waache vitabu ili wafanye kazi ya watu wawili, huo umoja si nguvu. Ni upotevu wa nguvu.

Nilipomweleza mjomba haya alinijibu mambo matatu, nami nitayaandika yote kwa haki, kwa sababu mengine ana haki nayo.

Alisema, "Hizo ni vitu za gereji kubwa." Hapo nilimpinga kwa heshima. Taifa hili liliwahi kuthubutu kuunda gari zima: kazi ilianza mwaka wa 1986 katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka wa 1990 magari ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa hadharani. Mradi haukufika mbali, kweli, lakini waliothubutu kuunda gari ndio ndugu zetu. Sisi tutashindwa na kigari chenye urefu wa mkono? Kamukunji mafundi wa jua kali wanafua masanduku, majiko na mikokoteni tangu wazazi wetu wakiwa watoto. Hata sisi wenyewe tulipokuwa wadogo tuliunda vigari vya mbao kwa beringi kuukuu tulizookota gereji, tukateremka navyo mlimani! Kigari cha gurudumu kinahitaji bamba nene, vipande vya chuma vya kukiimarisha kingo, na vigurudumu vinne vya chuma au vya plastiki ngumu vinavyoweza kubeba mzigo. Cha muhimu ni kuhesabu. Gari la kilo 1200 lingegawanyika sawasawa, kila kigari kingebeba kilo 300. Lakini injini iko mbele, basi vya mbele vinabeba zaidi. Kwa hivyo usikiunde cha kubeba kilo 300 kamili. Vile vya dukani huandikwa uwezo wake. Vipo vya kilo 450 na vya kilo 680 kila kimoja. Fundi wetu naye akiunde chenye nguvu za ziada namna hiyo. Rahisi ni ghali.

Pili alisema, "Pesa iko wapi?" Swali zuri. Sina pesa. Lakini tuliuliza bei ya vigari vinne pale Nairobi, na bei yake haikufika nusu ya kile kilicholipwa hospitalini. Mbuzi wa watu hao wangali wanakula nyasi sasa hivi. Tena si lazima kuanza na vinne. Ukiwa na viwili tu, unaviweka chini ya magurudumu ya nyuma, unatia kabari kwenye magurudumu ya mbele, na mkia wa gari unazunguka kando. Haba na haba hujaza kibaba.

Tatu alisema, "Ua wetu ni wa udongo. Hivyo vigurudumu vitazama." Hapo mjomba alinishinda, nami nakiri. Vigurudumu vya vigari ni vidogo. Juu ya murami vinazama, na juu ya sakafu yenye nyufa vinakwama. Hata kokoto ya ukubwa wa punje ya mahindi inaweza kukisimamisha. Na kuna hatari kubwa kuliko hiyo: gari likiwa juu ya vigari vinne, breki ya mkono haina kazi tena, maana magurudumu hayagusi chini. Mahali palipoinama, gari hilo litakimbia upande wowote linaotaka. Yaani tungeviweka vigari katika ua wetu kama ulivyo sasa, tungevunja miguu minne badala ya mmoja.

Kwa hivyo simwambii mtu yeyote akimbilie kununua vigari kesho. Namwambia aanze na sakafu. Amwage saruji mahali panapotosha gari moja na nusu, aisawazishe kwa pima maji mpaka isiiname. Kisha anunue ufagio. Msicheke, ufagio ndio kifaa cha kwanza cha kazi hii! Halafu ndipo vigari vije, navyo viwe na vifungio vya kuzuia vigurudumu visizunguke gari likisimama. Sheria za kazi ziwe chache na ziandikwe ukutani: gari linasukumwa kutoka upande mmoja tu; hakuna mtu kati ya gari na ukuta; hakuna mtu kuingia chini ya gari lililo juu ya vigari, maana vigari ni vya kuhamisha, si vya kutengenezea. Ukitaka kuingia chini, weka stendi madhubuti za chuma. Mawe ya kujengea yapelekwe kunakojengwa nyumba.

Kuna atakayesema kwamba haya ni mambo ya hiari ya kila fundi. La hasha! Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi ahakikishe usalama, afya na maslahi ya watu wote wanaofanya kazi hapo. Haikusema "isipokuwa gereji iliyo nyuma ya nyumba". Mwanagenzi naye ni mtu. Sisi tunaosukuma bila malipo nasi ni watu. Nafikiri tatizo letu ni kwamba jeki huuzwa, spana huuzwa, lakini kijana hupatikana bure kwa mbinja. Kitu cha bure hakitunzwi. Jeki ya mjomba hulala ndani ya nyumba imefunikwa gunia.

Ombi langu kwa shule ni dogo. Kila likizo huja fundi wa kuchomelea madawati yetu yaliyovunjika. Muhula ujao chama cha sayansi kimwombe abaki siku mbili, tuchore, tupime, tuhesabu uzito, kisha tuunde vigari viwili mbele ya macho yetu. Vikifaulu, tuvipeleke kwenye kongamano la sayansi badala ya kupeleka kila mwaka ile volkano ya siki na magadi. Tukishindwa, angalau tutakuwa tumeshindwa kwa jambo lenye maana. Chama cha Kiswahili tutaandika maelezo ya matumizi kwa lugha ambayo fundi yeyote mtaani ataielewa, kwa kuwa maelezo yale niliyoyaona Nairobi yalikuwa kwa Kiingereza na Kichina, na dada yule alisema hajawahi kuyasoma.

Ama kuhusu mjomba, sijui kama nimemshinda. Nilipomwambia kwamba ninaandika makala haya alisema, "Andika tu, karatasi haisukumi gari." Lakini wiki iliyopita nilikuta mifuko mitatu ya saruji kando ya banda la kuku, na mwanagenzi wake amechuchumaa na kipande cha chaki, akiguna, anachora mraba katikati ya ua. Nilimuuliza ni wa nini. Alisema, "Shika huku, tupime."

Nikashika. Jiwe lile la mviringo bado lipo pale ukutani. Shangazi hulitumia kuzuia mlango wa banda la kuku usifunguke kwa upepo, na kazi hiyo linaiweza.

Wenzangu, ajali nyingine hazina kinga, nakubali. Lakini nyingi tunazoziita ajali ni kazi tulizokataa kuzifikiria mapema. Kinga ni bora kuliko tiba, na hii nayo ni methali ya wahenga wale wale. Kwa nini tunaikumbuka ile moja tu?



Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu